Rundo dogo si mtaji: tuache kudanganyana kuhusu poka ya simu

Wandugu, tuko na neno moja linazunguka hapa Nakivale tangu mwaka jana, na limetuchosha. Linasema hivi: "Mkimbizi ni rundo dogo. Hana cha kupoteza. Asukume yote." Utalisikia pale wanapochajia simu, utalisikia kwenye foleni ya maji, na sasa hata watoto wa sekondari wanalisema kama methali ya wazee.

Sisi tunasema ni uongo. Na hatusemi kama watu wa nje. Tumecheza. Tumeshinda siku zingine, tumepoteza siku nyingi, na tumeandika kila kitu kwenye daftari. Kwa hiyo anayetaka kusema "hawa hawaelewi mchezo" anyamaze kwanza, asome mpaka mwisho.

Kwa ambao hawajui: poka ya turnamenti kwenye simu iko hivi. Unalipa kiingilio, tuseme dola 1 na senti 10. Unapewa jetoni, sawa na kila mtu. Hizo jetoni si pesa, huwezi kuzitoa. Ni za kuchezea tu. Kila mkono, watu wawili wanalazimishwa kuweka dau kabla hawajaona karata, mmoja dogo, mwingine kubwa. Wachezaji wanaliita blaindi. Kila baada ya dakika kadhaa blaindi inapanda. Anayeishiwa jetoni ametoka. Wanaobaki mwisho, kama mtu 1 kati ya 7 hivi, ndio wanagawana pesa, na nyingi zinakwenda kwa watatu wa juu. "Rundo dogo" ni yule aliyebaki na jetoni kidogo wakati blaindi imekuwa kubwa.

Sasa, kuna yaya mmoja hapa kwetu anafundisha namna ya kucheza rundo dogo. Hatutamtaja. Anauza jedwali lake kwa shilingi 10,000: karata gani usukume, karata gani utupe, ukiwa umekaa kiti gani. Tuseme ukweli, maana hatukuja kumchafua mtu: lile jedwali ni sahihi. Hesabu yake iko sawa.

Chukua mfano. Meza ina watu 9. Blaindi ni 500 na 1,000, na kila mtu anaweka 100 juu yake kila mkono. Kabla karata haijaonekana, katikati ya meza tayari kuna 2,400. Wewe una 8,000. Mzunguko mmoja tu wa meza ukikaa unangoja, unakula 2,400 zako. Mizunguko mitatu na kidogo, umekwisha, hata kama hujafanya kosa lolote. Ukipandisha kidogo, tuseme 2,500, halafu mtu akakusukumia na ukaogopa ukatupa, umebaki na 5,500. Umetoa karibu theluthi ya maisha yako bila kuona kitu. Ndiyo maana wajuzi wanasema: ukishuka chini ya blaindi 10, acha kuchezacheza. Sukuma yote au tupa. Ukisukuma na wote wakatupa, unachukua zile 2,400 bila kupigana, umefika 10,400.

Hiyo ni kweli, na ni nzuri kuijua. Ila angalieni vizuri nguvu yake inatoka wapi. Haitoki kwenye karata zako. Inatoka kwenye hofu ya wengine. Anayesukuma kwa rundo dogo, mara nyingi anaomba watu watupe. Akiitikiwa, hapo ndipo shida inaanza.

Sasa jamani, nje ya simu, ni nani anatupa karata mbele yetu? Njaa haitupi. Mwenye duka tunayemdai sukari kwa mkopo hatupi. Karo ya shule haiogopi mtu aliyesukuma yote. Sisi tukisukuma, tunaitikiwa kila mara. Huo ndio uongo wa kwanza wa ile methali: imechukua ujanja unaofanya kazi mezani kwa sababu ya woga wa wengine, imeuleta mahali ambapo hakuna anayetuogopa.

Uongo wa pili ni ule wa "hana cha kupoteza". Poka yenyewe inakataa. Chukua meza ndogo ya watu 10, kila mmoja ametoa dola 1. Wa kwanza anapata dola 5, wa pili 3, wa tatu 2. Mwanzoni jetoni zako zina thamani ya dola 1. Ukisukuma mkono wa kwanza ukamtoa mtu, jetoni zako zimekuwa mara mbili. Je, thamani yake imekuwa dola 2? Hapana. Ukipiga hesabu ya nafasi zako za kumaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu, inakuja karibu dola 1 na senti 84. Sababu ni rahisi: hata aliyekusanya jetoni zote za meza hapati dola 10, anapata 5. Kwa hiyo ukipoteza umepoteza dola nzima, ukishinda umepata senti 84. Ili tu usile hasara, lazima ushinde zaidi ya mara 54 kati ya 100.

Maana yake nini? Jetoni unayoipoteza ina uzito kuliko jetoni unayoipata. Na kadiri unavyobaki na kidogo, zile za mwisho ndizo ghali kuliko zote, kwa sababu ndizo zinakuweka kwenye kiti. Mchezaji mzuri wa rundo dogo anajua hilo. Hasukumi kwa sababu hana cha kupoteza. Anasukuma kwa sababu amehesabu kwamba kungoja kutampotezea zaidi. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na ile methali inayachanganya makusudi.

Sasa tuje kwenye yale ambayo jedwali la shilingi 10,000 halisemi.

Halisemi ada. Katika ile dola 1 na senti 10, senti 10 haziingii kwenye zawadi. Ni za mwenye meza. Ukicheza mara 100 umelipa dola 110, na zilizoingia kwenye zawadi ni 100. Yaani wachezaji wote wakiwa sawa, wote wanapoteza polepole, isipokuwa mmoja tu ambaye hachezi kabisa: mwenye programu. Kwenye viingilio vidogo kama vyetu, hiyo ada ni kubwa ukilinganisha na dau.

Halisemi ukame. Kama analipwa mtu 1 kati ya 7 hivi, mchezaji wa kawaida ana nafasi kama 15 kati ya 100 ya kulipwa katika turnamenti moja. Piga hesabu: kucheza 10 mfululizo bila kuona hata senti, ni jambo linalompata karibu mtu 1 kati ya 5. Si laana, si uchawi, si kwamba programu inakuchukia. Ndivyo ilivyo. Na hata ukisukuma ukiwa mbele, tuseme unashinda mara 60 kwa 100, kushinda misukumo mitatu mfululizo ni karibu mara 1 katika 5. Rundo dogo haliponi kwa msukumo mmoja. Linahitaji miwili, mitatu, minne.

Halisemi akiba. Wanaocheza turnamenti kama kazi wanaweka kando viingilio 100 au zaidi, ili ule ukame usiwamalize. Mtu wa kiingilio cha dola 1 awe na dola 100 ambazo hazihitaji kwa chakula. Nani hapa ana dola 100 asizozihitaji? Sisi tunacheza tukiwa na akiba ya kiingilio kimoja. Kwa hiyo kabla turnamenti haijaanza, tayari sisi ni rundo dogo la rundo dogo.

Halisemi mtandao. Programu inakupa sekunde chache za kuamua. Mtandao ukikatika, inakutupia karata. Betri ya sola ikifa saa mbili usiku, unakaa gizani huku blaindi inakula jetoni zako moja moja. Unayecheza naye yuko na umeme ukutani. Jedwali lake na lako ni moja, meza si moja.

Halisemi kitambulisho. Tulipoingiza pesa, hatukuulizwa kitu. Siku mmoja wetu alipotaka kutoa dola 14, ndipo ikaulizwa pasipoti au kitambulisho cha taifa. Kile cha mkimbizi kikakataliwa. Akaomba akaunti ya mtu wa mjini, na huyo mtu akakata theluthi yake. Kuingia mlango uko wazi, kutoka mlango una kufuli.

Na halisemi sheria. Uganda, kwa sheria ya bahati nasibu na michezo ya kamari ya mwaka 2016, mtu wa chini ya miaka 25 haruhusiwi kucheza kamari. Miaka 25, si 18. Wengi tunaosoma hapa hatujafika. Maana yake ukidhulumiwa, huna hata pa kwenda kulalamika, kwa sababu wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe.

Daftari letu linasema hivi. Tulikuwa wanne. Turnamenti 60, kila moja dola 1 na senti 10. Tulilipa dola 66. Tuliingia kwenye malipo mara 8. Tulipokea dola 43. Tumepoteza dola 23, na bado hatujahesabu bando. Na tulikuwa tunacheza kwa jedwali, hatukuwa tunabahatisha. Mmoja wetu alimaliza wa pili siku moja, akapata dola 19. Picha ya simu yake ya siku ile ilizunguka kijiji kizima. Zile mara 52 tulizotoka mikono mitupu, hakuna aliyezipiga picha.

Tungeweza kunyamaza kama hasara ingekuwa yetu tu. Ila kuna mdogo wetu, ana miaka 19. Mwezi ule wa kupanda, mama yake alimpa shilingi 40,000 akanunue mbegu ya maharage. Akapita pale kwenye sola. Akaona turnamenti ya dola 11. Akajiambia, sisi ni rundo dogo, tusukume. Alicheza karibu saa tatu, alicheza vizuri, tulikuwa tumemzunguka. Akabaki na blaindi 7. Akapata wafalme wawili. Akasukuma, kama jedwali linavyosema, na hata sisi tungesukuma. Akaitikiwa na mtu mwenye asi na saba. Hapo anashinda kama mara 7 kati ya 10. Asi ikatoka. Alikuwa amebakiza watu watatu tu afike kwenye malipo.

Tunataka mlielewe hili vizuri: hakukosea. Alifanya sahihi. Na mama yake alipanda kwa kuchelewa, kwa mbegu ya kukopa, debe moja kwa kulipa mawili. Hakuna jedwali lililomlipia yule mama. Sisi tuliokuwa tumemzunguka kijana tukimpigia makofi, ndio tuliobeba aibu. Ndiyo maana tunaandika.

Kuna watakaotuambia habari ya Moneymaker. Tunaijua. Chris Moneymaker, mwaka 2003, aliingia kwa tiketi aliyoishinda mtandaoni, akawashinda watu 838 kule Las Vegas, akachukua dola milioni 2.5. Ni kweli. Ila malizieni hadithi: alikuwa mhasibu, ana kazi na mshahara. Angepoteza ile tiketi, Jumatatu angerudi ofisini. Na wengine 838, majina yao nani anayataja?

Kuna hadithi nyingine ambayo yule yaya haisimulii, na hiyo ndiyo yenye mafunzo. Chris Ferguson alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2000, na ana shahada ya udaktari ya sayansi ya kompyuta. Baadaye alijiwekea mtihani: aanze na sifuri, acheze zile turnamenti za bure, afike dola 10,000. Akajiwekea sheria, mojawapo ni kwamba haingizi kwenye meza moja zaidi ya asilimia 5 ya alichonacho. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Bingwa wa dunia! Bila njaa, bila mtandao wa kukatika, na chakula chake hakikutegemea huo mchezo. Sasa wewe unayetaka kufika huko kufikia Ijumaa kwa pesa ya sabuni, umeisikia wapi hiyo hesabu?

Sasa tunageukia ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma. Msifurahi mapema. Hatukuandika ili mchukue maneno yetu mkabandike bango la "Kamari ni mbaya". Bango hilo tumeliona. Chini yake ndipo vijana wanakaa kivulini wakicheza.

Mnatuuliza, kwa nini kijana achezee pesa ya mbegu? Sisi tunawauliza, blaindi imepandishwa na nani? Aprili 2020 mgao ulikatwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukakatwa, ikafika asilimia 40. Mwaka 2023 tukagawanywa kwenye makundi, wengine wakabaki na kidogo, wengine wakaambiwa wanajitegemea, hawapati kitu. Kwenye poka angalau saa iko juu ya meza: unajua dakika ngapi zimebaki kabla blaindi haijapanda. Sisi tunasikia siku ya foleni. Mtu anayeliwa polepole akiwa amekaa, lazima atafute pa kusukumia. Hilo si tatizo la tabia tu. Ni hesabu, na mbaya zaidi ni hesabu sahihi iliyowekwa mahali pabaya.

Na kuna jambo lingine, tuvumiliane. Yale mashindano yenu ya "mawazo ya biashara" yako tofauti kiasi gani na turnamenti? La mwisho tulilogombea, tuliandika zaidi ya 100. Wakaitwa 10. Wakapewa 3. Sisi wengine tulirudi na fulana. Wiki mbili za kuandika, nauli ya kwenda kuchapisha, bando la kutuma: hicho ndicho kilikuwa kiingilio chetu. Malipo yanakwenda juu, wengi wanatoka mitupu, halafu picha ya mshindi inazunguka. Mnatufundisha mchezo uleule wakati wa mchana, halafu jioni mnashangaa tunaucheza kwenye simu.

Hatusemi msitoe. Tunasema badilisheni meza. Badala ya watatu kupata mtaji mkubwa, hamsini wapate mdogo, kupitia vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo tayari viko na vinajulikana nani analipa na nani halipi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Basi tusaidieni vyeti vyetu vitambulike, maana kuna mwalimu wa hisabati kutoka Bukavu hapa anachoma mkaa. Na mkijua mgao utapungua, tuambieni mapema. Mtu akijua saa ya blaindi, anapanga. Asiyejua, anasukuma.

Na sisi kwa sisi, vijana wenzetu? Hatutasema "acheni" halafu tuondoke. Mchezo wenyewe una akili. Umetufundisha asilimia kuliko darasani, umetufundisha kutupa karata mbaya bila hasira. Kwa hiyo Jumamosi tunaendelea kucheza, chini ya mti uleule, kwa punje za mahindi. Blaindi zinapanda, watu wanasukuma, watu wanatoka, tunacheka. Jioni mahindi yanarudi kwenye sufuria, na hakuna mama anayelia. Lile jedwali tumelichora kwenye karatasi, tunalitoa bure. Shilingi 10,000 zako kaa nazo.

Mengine ni haya. Pesa ya mtu mwingine haichezwi, hata ukiwa na asi mbili mkononi, maana nazo zinapoteza mara 15 kati ya 100 hata mbele ya karata yoyote ya ovyo. Ukiona mwenzako anacheza kwa pesa ya nyumbani, usimpigie makofi kama tulivyofanya sisi. Mshike mkono, mtoke hapo. Na ukishinda ukatuma picha, tuma na hasara zako zote za mwezi ule, tuzione pamoja.

Yule mdogo wetu ameanza kurudisha. Kila Jumatano analima shamba la watu, anampa mama yake 5,000. Amebakiza 15,000. Alituruhusu tuandike habari yake kwa sharti moja: tusimwite mjinga, maana alicheza sahihi. Tunalitimiza. Alicheza sahihi. Pesa ndiyo haikuwa ya kucheza.

Anayetaka kutupinga anakaribishwa. Ila aje na daftari lake zima, asije na picha ya siku moja aliyoshinda.